Ripoti Nayo Ina Haki ya Kustaafu: Tusafishe Takwimu za Afya Kabla Hazijatudanganya

LIKASI, Haut-Katanga. Maoni ya mwandishi wetu

Mwezi unapoisha, kazi ya wauguzi wa vituo vya afya vya Kikula, Panda, Shituru na Likasi hubadilika. Rejista za mwezi mzima zinafunguliwa juu ya meza: waliougua malaria, wamama wajawazito waliokuja kupimwa, watoto waliochanjwa, waliojifungua, waliofariki. Mistari inahesabiwa mmoja mmoja, jumla inaandikwa kwenye fomu kubwa ya SNIS, yaani mfumo wa taifa wa habari za afya, kisha fomu inapelekwa kwenye biro kuu ya zoni ya afya. Huko tarakimu zinaingizwa kwenye kompyuta, katika programu inayoitwa DHIS2. Kutoka hapo, wakubwa wa afya wa Lubumbashi na Kinshasa wanaziona bila kusubiri gari wala treni.

Kazi hiyo ni ya lazima. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na afya ya raia ni mali kubwa kuliko shaba. Siandiki leo kupinga ripoti ya kila mwezi. Ninaandika juu ya ripoti nyingine, zile za pembeni. Ziliombwa na mradi fulani au kampeni fulani, au na shefu aliyekuwa na swali lake la wiki ile. Zikaundwa, zikapewa jina, zikawekwa ndani ya mfumo. Swali likaisha, mradi ukafungwa, shefu akahamishwa, lakini ripoti ikabaki. Baadhi hakuna anayezifungua tena. Baadhi, na hizo ndizo mbaya zaidi, bado zinajazwa.

Msimamo wangu ni huu: ripoti inastahili kustaafu kama mfanyakazi. Ikimaliza kazi iliyoajiriwa kwayo, ipewe barua yake, ishukuriwe, itoke kazini. Tusipofanya hivyo, itaendelea kula muda wa muuguzi, na itaendelea kutoa majibu ya zamani kwa watu wanaoamua leo ni dawa ngapi ziletwe Likasi.

Zinatoka wapi?

DHIS2 inatengenezwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway. Mizizi yake iko Afrika Kusini, katika miaka ya 1990, wakati nchi ile ilipokuwa inajenga upya huduma zake za afya baada ya utawala wa ubaguzi wa rangi. Ni programu huru, haiuzwi. Kenya iliieneza nchi nzima mwaka 2011, Tanzania, Uganda na Rwanda wanaitumia, na Kongo yetu inaitumia katika zoni zake 519 za afya.

Nguvu yake kubwa ni kwamba mtu mwenye ruhusa hahitaji kuwa fundi wa kompyuta. Anachagua takwimu anazotaka, anachagua mahali na kipindi, anapata jedwali, mchoro au ramani, anaipa jina, anaihifadhi. Dakika chache tu, ripoti imezaliwa. Lakini kuiondoa si dakika chache. Lazima mtu aulize ni ya nani, inatumiwa na nani, na kama kuna mkubwa atakayekasirika. Kwa hiyo kila mmoja anaongeza na hakuna anayepunguza.

Katika jimbo letu jambo hili lina uzito wa pekee. Haut-Katanga, pamoja na Lualaba na Kinshasa, ni majimbo ambako mpango wa Marekani wa kupambana na ukimwi, PEPFAR, uliweka nguvu zake. Mradi wa PROSANI uliofadhiliwa na USAID ulifanya kazi hapa pia. Wafadhili wa namna hiyo wana maswali yao na kalenda yao: kwa PEPFAR, mwaka wa kazi unaanza Oktoba, ripoti zinatoka kila miezi mitatu, na orodha ya viashiria vyake hupitiwa na kubadilishwa mara kwa mara. Viashiria vikibadilika, ripoti mpya inaundwa. Ya zamani inaenda wapi?

Kisha Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na tarehe 1 Julai 2025 USAID iliacha kufanya kazi kama shirika. Mikataba imekwisha, wafanyakazi wamerudi nyumbani. Ripoti ya mradi, hata hivyo, haipakiwi kwenye gari siku mradi unapohama. Inabaki ndani ya mfumo, na jina la kuingilia la aliyeiunda huenda halifanyi kazi tena. Ndiyo sababu swali hili haliwezi kusubiri. Kila zoni iliyokuwa na mradi inapaswa kujiuliza ni fomu na ripoti zipi zimeachwa bila mwenyewe.

Ripoti ya zamani haikai kimya

Wapo watakaosema: ikikaa hapo inamdhuru nani? Si imelala tu? Hapana. Karatasi iliyosahauliwa kwenye kabati hujifunika vumbi, na anayeiona anajua ni ya zamani. Ripoti ya kompyuta haishiki vumbi. Ukiifungua leo, inavuta takwimu za mwezi huu, inazipanga kwa fikra za miaka kumi iliyopita, na inakuonyesha mchoro wenye rangi nzuri kana kwamba ilitengenezwa asubuhi.

Chukua mfano wa dawa ya SP wanayopewa wamama wajawazito kuzuia malaria. Zamani lengo lilikuwa dozi mbili. Oktoba 2012, Shirika la Afya Duniani lilibadilisha ushauri: mama apewe SP kila anapokuja kupimwa kuanzia miezi mitatu ya kwanza inapopita, dozi zikiachana angalau mwezi mmoja, na afikishe tatu au zaidi. Sasa tuseme kuna ripoti iliyoundwa kwa lengo la zamani. Kati ya wamama 100, 80 walipata dozi ya pili, na 45 tu walipata ya tatu. Ripoti ile itaonyesha 80, rangi ya kijani, kazi nzuri, hongereni. Wale 35 walioishia njiani hawaonekani popote. Tarakimu zote zimeingizwa vizuri na hesabu haina kosa. Kilichokosewa ni swali, kwa sababu ni swali la mwaka mwingine.

Mambo ni hayo hayo kwa ziara za wajawazito. Kipimo cha zamani kilikuwa ziara nne. Tangu 2016 ushauri wa shirika hilo ni mara nane. Ndivyo ilivyo kwa chanjo pia. Aprili 2016 dunia nzima iliacha chanjo ya matone ya polio yenye aina tatu za virusi na kuanza kutumia yenye aina mbili. Ripoti inayotafuta chanjo ile ya kwanza itakuletea sifuri kila mwezi. Mgeni kwenye biro akiiona atashtuka: hawa watoto wa Panda hawachanjwi? Wanachanjwa. Chanjo inayohesabiwa ndiyo haipo tena.

Halafu kuna ramani. Mwaka 2015 nchi ilitoka majimbo 11 ikawa na majimbo 26, na Katanga ya zamani ikagawanywa kuwa Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Ripoti yoyote iliyobaki na jina la Katanga inachanganya Likasi na Kolwezi, Kamina na Kalemie, miji ambayo leo ina magavana wanne tofauti. Kwa mwanahistoria ni sawa. Kwa mtu anayegawa vyandarua, ni mtego.

Na kuna hesabu ya watu. Kongo haijafanya hesabu kamili ya raia wake tangu 1984. Kila asilimia tunayoiona, ya chanjo au ya uzazi, inagawanywa kwa idadi ya watu iliyokadiriwa. Mfumo mkuu ukirekebishwa, makadirio yanarekebishwa nao. Lakini ripoti ya pembeni ambayo mtu aliandika ndani yake idadi ya watu ya mwaka ule inaendelea kugawanya kwa idadi ile ile. Ndipo unaona watoto waliochanjwa wamefika asilimia 130, watu wanacheka kwenye mkutano, kisha kikao kinaendelea kana kwamba si kitu.

"Likasi" ni ipi?

Hatari kubwa zaidi inakuja pale ripoti mbili au tatu zinapodai kujibu swali moja. Tuseme mtu anatafuta malaria ya Likasi. Anapata "Malaria Likasi", "Malaria Likasi mpya" na "Malaria Likasi mpya ya kweli". Achukue ipi?

Sisi wakaaji wa hapa tunajua kwamba hata jina lenyewe ni fumbo. Likasi ni mji mzima, wenye komini nne: Likasi, Kikula, Panda na Shituru. Likasi ni komini pia. Na kwa upande wa afya, ndani ya mji kuna zoni tatu: Likasi, Kikula na Panda. Aliyeunda ripoti ya kwanza huenda alikuwa anahesabu zoni moja tu. Wa pili alihesabu zote tatu. Wa tatu aliongeza Kambove au Kapolowe kwa sababu mradi wake ulifika huko. Wote watatu waliandika "Likasi" na wakaondoka. Anayeketi Lubumbashi kupanga akiba ya dawa za malaria hana namna ya kujua, ila awe amekulia hapa. Akishika ripoti ya zoni moja akidhani ni ya mji mzima, dawa zitaletwa pungufu, na upungufu huo mama wa Kikula ataujua siku atakapofika kituoni na mtoto mwenye homa akaambiwa aende kununua dawa mwenyewe kwenye famasia.

Ongeza hapo muda. Saa ambayo muuguzi mkuu wa kituo, titulere wetu, anajaza fomu isiyosomwa na mtu ni saa ambayo hayuko na mgonjwa. Na mtu anayejua kwamba anachoandika hakisomwi huanza kuandika chochote. Hilo ni ugonjwa unaoambukiza: ukizoea kubahatisha kwenye fomu isiyo na kazi, kesho utabahatisha kwenye ile yenye kazi.

Hofu yetu ni ya haki

Ninajua kwa nini neno kufuta linawatisha watu wa hapa. Mji huu umeishi kwa karatasi za kampuni. Kati ya 2003 na 2004, zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliondoka kazini katika mpango ule ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, na madai yao ya malipo yakaendelea kwa miaka mingi. Familia ngapi za Likasi bado zinatunza ndani ya sanduku karatasi za baba zinazoonyesha miaka yake ya kazi? Raia aliyepitia hayo akisikia "tunasafisha mfumo", anasikia "tunaficha ushahidi".

Kwa hiyo tutofautishe mambo mawili. Takwimu ni mahindi ghalani. Ripoti ni kikapu cha kuyatolea. Kikapu kikioza kinatupwa, mahindi yanabaki. Ukiondoa ripoti ya "Malaria Likasi mpya", hakuna mgonjwa hata mmoja wa 2017 anayepotea kwenye mfumo. DHIS2 yenyewe inalinda hilo: inakataa kufuta kipengele ambacho tayari kina takwimu ndani yake. Ninachoomba kistaafishwe ni kikapu. Mahindi asiyaguse mtu.

Wengine husema ya kale ni dhahabu, na mfadhili anaweza kurudi. Sawa. Basi kabla ya kuiondoa ripoti, andikeni ukurasa mmoja: iliitwaje, ilihesabu nini na kwa fomula ipi, ilihusu maeneo gani, nani aliiomba, ilitumika tangu lini hadi lini. Ukurasa huo uwekwe kwenye nyaraka za zoni, na nakala yake Lubumbashi. Mfadhili akirudi, ripoti itaundwa upya kwa nusu saa. Bila ukurasa huo, hata ripoti ikiachwa miaka ishirini, hakuna atakayejua ilikuwa inahesabu nini.

Tufanye nini?

Kazi hii haihitaji fedha za mradi mpya. Inahitaji utaratibu.

Kwanza, orodha. Kila biro ya zoni iandike ripoti, majedwali na dashibodi zake zote: jina, aliyeunda, sababu, mara ya mwisho kufunguliwa. Matoleo mapya ya DHIS2 yana ukaguzi unaotaja michoro na dashibodi zisizofunguliwa kwa mwaka mzima, na viashiria viwili vyenye fomula moja. Lakini mashine isiachiwe kuamua. Ripoti ya kipindupindu inaweza kulala miezi mingi, kisha mvua zikaja na ugonjwa nao, ikahitajika usiku huo huo. Hiyo ni kama ndoo ya mchanga ya kuzimia moto. Huiondoi kwa kuwa nyumba haijaungua.

Pili, mwenyewe. Kila ripoti iwe na ofisi inayoijibia, si mtu. Watu huhama. Ripoti isiyo na ofisi iliyo tayari kusema "hii ni yetu" iingie moja kwa moja kwenye orodha ya kustaafu.

Tatu, kustaafu kuanze kwenye fomu, si kwenye skrini. Hapa ndipo wengi hukosea. Wanaondoa mchoro kwenye kompyuta na kufurahi kwamba mfumo umekuwa msafi, huku kule Shituru muuguzi anaendelea kujaza karatasi iliyokuwa inalisha mchoro ule. Barua itoke kwa daktari mkuu wa zoni kwenda kwenye kila kituo: fomu hii imesimama kuanzia tarehe hii, msijaze tena.

Nne, subira. Ripoti iliyopendekezwa kuondoka ibadilishwe jina, iandikwe neno "IMESTAAFU" mbele yake pamoja na mwezi na mwaka, kisha ifichwe kwa wengi kwa miezi mitatu. Akitokea mtu kuiuliza na kueleza inamsaidia kuamua nini, irudishwe. Asipotokea, iondolewe, ukurasa wake ubaki.

Tano, mlango wa kuingilia. Kusafisha bila kulinda mlango ni kuteka maji kwa pakacha. Ripoti mpya izaliwe na tarehe ya kupitiwa tena, tuseme baada ya mwaka mmoja, na jina lake litaje mahali bila utata: zoni ya Likasi, au mji wa Likasi wenye zoni tatu. Mfadhili anayeleta fomu mpya aulizwe kwanza kama jibu lake halimo tayari kwenye fomu ya SNIS. Wazee walishasema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ripoti isiyoshika jembe iage.

Yako mambo ambayo zoni haiwezi kuyaamua peke yake. Fomu ya taifa na viashiria vyake ni kazi ya Kinshasa, na idara ya afya ya jimbo ina sehemu yake. Hilo lisiwe kisingizio. Michoro na majedwali ambayo zoni iliyaunda yenyewe iko mikononi mwake, na yale ya juu inaweza kuyaandikia barua yenye orodha na sababu. Zoni zetu zina mikutano ya kila mwezi ya kupitia takwimu pamoja na wauguzi wakuu. Dakika kumi na tano za mkutano huo zitengwe kila miezi mitatu kwa swali moja: ripoti ipi imemaliza kazi yake?

Nasi wakaaji tuna nafasi. Kila eneo la afya lina kamati yake ya maendeleo, CODESA, na ndani yake wamo majirani zetu. Wakiitwa kwenye kikao na kuonyeshwa mchoro ukutani, wasiishie kupiga makofi. Waulize: hii "Likasi" ni zoni ipi? Hesabu ya watu ni ya mwaka gani? Na tangu mchoro huu uanze kutengenezwa, uliwahi kubadilisha uamuzi gani katika mtaa wetu?

Kama hakuna mtu ndani ya chumba anayeweza kujibu swali la tatu, ripoti hiyo imeshastaafu. Imekosa barua yake tu, na barua hiyo inaweza kuandikwa kabla ya fomu za mwezi ujao kugawanywa.